Filamu ya Jora: Tarehe ya Ukanda wa Sinema Ndani ya Kamera ya Mkono

Ukanda wa filamu wenye upana wa milimita 35, ambao wapiga picha za mnato wa dunia nzima wameuzoea kiasi cha kuudhani kuwa ni mali yao tangu asili, haukukatwa kwa ajili yao, wala aliyeukata hakuwa na habari nao. Ulikatwa kwa ajili ya picha zinazokwenda, katika karakana ya Thomas Edison huko West Orange, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, na aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa William Kennedy Laurie Dickson, mtu ambaye jina lake limefunikwa na jina la tajiri wake, kama ilivyo ada ya karakana nyingi. Baina ya mwaka 1889 na 1892 Dickson aliagiza filamu ya seluloidi kwa George Eastman wa Rochester, akaipasua kwa urefu ile iliyokuwa na upana wa milimita 70 ikawa kanda mbili, kisha akaitoboa matundu kandokando, manne kwa kila picha, ili meno ya mashine yapate kuishika na kuivuta pasi na kuteleza. Kipimo hicho kilienea pamoja na sinema yenyewe, na mwaka 1909 watengenezaji wa filamu wa mataifa mbalimbali walipokutana Paris wakakithibitisha kuwa ndicho kipimo cha wote.

Nayatanguliza haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba kujaza filamu ya sinema ndani ya kamera ya mkono ni hila ya mafukara, au ni utundu wa vijana wa siku hizi, ilhali tarehe inashuhudia kinyume chake: kamera ndogo ndiyo iliyokuja kubisha hodi katika nyumba ya sinema, ikakaribishwa, ikalishwa, na hata ilipojijengea nyumba yake yenyewe haikuacha kurudi jikoni kwa jirani kila ilipobanwa na njaa.

Insafu yataka tuseme kwamba wa kwanza kubisha hodi hawakuwa Wajerumani. Mnamo mwaka 1914 kulikuwa na kamera iliyouzwa New York kwa jina la Tourist Multiple, iliyomeza futi 50 za filamu ya sinema kwa mara moja na kutoa picha 750 ndogo ndogo, kila moja ikiwa na ukubwa ule ule wa picha ya sinema; lakini vita vilizuka mwaka ule ule, wasafiri waliokusudiwa kuinunua wakabaki makwao, na kamera ikasahaulika. Aliyeacha athari ya kudumu ni Oskar Barnack.

Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879, alikuwa fundi wa mashine ndogo ndogo, naye aliingia Wetzlar nchini Ujerumani mwaka 1911 kuongoza idara ya majaribio katika kampuni ya Ernst Leitz, ambayo sifa yake siku hizo ilikuwa ni hadubini. Alipenda kutembea maporini na kupiga picha, lakini kifua chake kilikuwa na maradhi ya pumu, na shehena ya mpiga picha wa zama zile, yaani kamera ya mbao, sahani za kioo na miguu mitatu ya kuisimamishia, ilikuwa ni adhabu hata kwa mwenye kifua kizima. Kadhalika katika kazi yake alishughulika na sinema, na husimuliwa kwamba sababu mojawapo ya kuunda kile kikamera chake cha kwanza ilikuwa ni kutafuta chombo cha kuonjea mwanga, ili akate kipande kifupi cha ukanda ule ule ambao kamera ya sinema ingeutumia, akipige, akioshe, na ajue kabla ya kuharibu filamu nyingi kama kipimo chake kilikuwa sawa. Ikiwa ni hivyo, basi kamera mashuhuri kuliko zote za karne ya ishirini ilianza kazi yake kama mwonjaji katika karamu ya wengine.

Hikima yake ilikuwa katika jambo moja ambalo likishafanywa huonekana jepesi. Katika kamera ya sinema ukanda hushuka wima, na picha hukaa kwa mapana kati ya matundu, ikiwa na milimita 18 kwa 24. Barnack aliulaza ukanda ukaenda ubavu, akaunganisha picha mbili za sinema zikawa moja, akapata milimita 24 kwa 36, yaani matundu manane kwa kila picha badala ya manne. Maana yake ni kwamba picha 36, ambazo mwenye kamera ya mkono huweza kuzihesabia wiki nzima akizipima na kuzionea uchungu, ni sawa na picha 72 za sinema, na sinema kwa mwendo wake wa picha 24 kwa nukta hizimaliza kwa nukta 3. Mwenye kuielewa hesabu hii hatashangaa kwa nini katika miji ya sinema filamu ilikuwa ikitupwa kwa mabaki ambayo mpiga picha wa mnato angeyaona ni hazina: jora la futi 400, linalokwisha kwa dakika nne na nusu hivi katika kamera ya sinema, hutosha kujaza zaidi ya vibweta 70, yaani vikopo vya filamu vya kamera ya mkono, vya picha 36 kila kimoja.

Vita vya 1914 viliichelewesha kazi. Baada yake uchumi wa Ujerumani ukaporomoka, na Ernst Leitz wa pili, aliyekuwa amemrithi baba yake katika kampuni, alipokata shauri mwaka 1924 kwamba kamera ile itengenezwe kwa ajili ya soko, alikuwa pia akiwatafutia kazi mafundi wake. Kamera hiyo, iliyopewa jina la Leica, ilionyeshwa katika maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1925. Kilichofuata kimeandikwa na wengi. Mimi nashughulika na kile ambacho waandishi hao aghalabu hukipita kwa haraka, nacho ni namna filamu ilivyoingia ndani yake.

Katika miaka ile ya mwanzo hapakuwa na kibweta cha kununua dukani, kukitumbukiza na kukitupa. Mwenye Leica alinunua kibweta cha shaba, kilichojulikana kwa jina la Filca, naye alikijaza mwenyewe ndani ya chumba cha giza, kwa kupapasa, kipande kimoja baada ya kimoja, akikata kutoka katika jora la filamu ya sinema urefu wa mita 1.6 hivi. Hadithi mashuhuri inasema kwamba urefu huo ni kadiri ya mikono ya Barnack ikinyooshwa pande zote mbili, kwa kuwa gizani hapana rula ionekanayo; kama hadithi ni ya kweli au ni pambo, hakika ni kwamba kila aliyewahi kufanya kazi hiyo gizani amepima kwa mikono. Kisha ilibidi ncha ya filamu ikatwe iwe na ulimi mrefu mwembamba, la sivyo ingekwama ndani ya Leica ambayo hupakiwa kwa chini, na kwa kazi hiyo kiwanda kiliuza kiolezo cha chuma kiitwacho Ablon, ambacho filamu ilibanwa ndani yake na kufuatishwa kwa wembe. Kibweta chenyewe kilikuwa na maganda mawili yanayozungukana: kamera ilipofungwa kitako chake na ufunguo kugeuzwa, mlango wa kibweta ulifunguka kwa ndani, filamu ikapita bila ya kuguswa na kitu, na kabla kamera haijafunguliwa mlango ukajifunga tena. Vibweta vilivyokuja baadaye vina mdomo wa mahameli unaozuia mwanga kwa kuisugua filamu, na chembe moja ya mchanga ikinasa katika mahameli hayo itachora mstari toka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa rai yangu, katika jambo hili ufundi ulirudi nyuma kwa ajili ya urahisi wa biashara.

Biashara hiyo ilikuja mwaka 1934. Kodak, kampuni ya yule yule Eastman wa Rochester, iliyokuwa imenunua kiwanda cha Dokta August Nagel huko Stuttgart, ilitoa kamera ya Retina, na pamoja nayo kibweta kilichokwisha kujazwa, cha kupakiwa mchana kweupe na kutupwa kikishatumika, ndicho hiki kiitwacho 135 hadi leo. Tangu hapo mpiga picha wa kawaida akaacha kuijua asili ya chakula chake. Hata rangi ilifuata mkondo ule ule, kwani Kodachrome ilianza mwaka 1935 ikiwa filamu ya sinema ya milimita 16, na kamera ya mnato ikapata fungu lake mwaka uliofuata.

Lakini walikuwako ambao hawakuacha kujaza wenyewe, nao ni wale waliotumia filamu nyingi kuliko fedha walizokuwa nazo: wapiga picha wa magazeti, walimu na wanafunzi wao, wanasayansi katika maabara, na wale wapenzi ambao hawakutaka kufikiria bei kila walipobonyeza. Kwa ajili yao viwanda viliuza jora la futi 100, ambalo hutoa vibweta 18 au 19 vya picha 36, na kwa ajili yao likabuniwa sanduku la kujazia. Sanduku hilo, liwe ni la Watson au la Alden au la Lloyd, lina chumba kimoja kisichopitisha mwanga ambamo jora hulazwa mara moja tu gizani, na chumba kingine kidogo ambamo kibweta kitupu huwekwa mchana, ncha ya filamu ikashikizwa kwa utepe wa gundi katika kijiti cha kuviringia, mlango ukafungwa, na mkono ukazungushwa huku ukihesabiwa. Katika masanduku mengine filamu hupita katikati ya mahameli. Katika Watson hufunguliwa kwanza kilango cha ndani, na atakayesahau kukifungua ataikwaruza filamu yake, na atakayesahau kukifunga ataliunguza jora zima kwa mwanga.

Wenye kazi hii wana adabu zao. Ncha iliyoshikizwa kwenye kijiti imeona mwanga wakati wa kushikizwa, na kwa kuwa ncha hiyo ndiyo mwisho wa filamu ndani ya kamera, picha ya 36 aghalabu huungua, basi mwenye busara hamwekei bibi harusi picha ya mwisho. Mkono usizungushwe kwa pupa, hasa penye hewa kavu, kwa sababu filamu ikisuguana huzaa umeme, na umeme huo huacha michirizi ya radi juu ya picha ambayo hakuna dawa ya kuiondoa. Sisi wa pwani hatusumbuki sana na radi hizo, lakini tunayo balaa nyingine: joto na unyevunyevu huizeesha filamu ingali jorani, na anayenunua nyingi kwa urahisi wa bei na asiwe na jokofu la kuihifadhia huenda akagundua kwamba nusu ya faida yake imekwisha kufifia. Na hapo kale palikuwa na hatari kubwa kuliko zote, kwani hadi mwanzo wa miaka ya 1950 filamu nyingi za sinema zilikuwa za nitrati, kitu chepesi mno kushika moto, na kuweka majora yake chumbani ilikuwa ni kulala na adui.

Katika nchi za Kisovyeti kujaza mwenyewe hakukuwa shauri la wapenzi, bali ndiyo desturi ya kila mtu. Kamera ya FED, iliyoigwa kutoka kwa Leica na kutengenezwa Kharkiv tangu mwaka 1934, ilikuwa na vibweta vya kutumika miaka na miaka, na dukani filamu ya Svema kutoka Shostka au ya Tasma kutoka Kazan iliuzwa kipande kimoja kimoja, imeviringwa ndani ya karatasi nyeusi bila ya kibweta, na mnunuzi akaenda kuijaza chini ya blanketi au ndani ya mfuko wenye mikono miwili.

Na siku moja mkondo uligeuka ukarudi ulikotoka. Mwaka 1959 mwongozaji Jean-Luc Godard alipokuwa akitengeneza sinema yake À bout de souffle jijini Paris, alitaka kupiga picha usiku bila ya taa za sinema, na hapakuwa na filamu ya sinema iliyokuwa nyepesi kiasi hicho kuona gizani. Mpiga picha wake, Raoul Coutard, akaichukua Ilford HPS, filamu ya kamera za mnato iliyouzwa kwa vipande vya mita 17.5, wakaviunga kimoja na kingine, na kwa kuwa matundu yake hayakuafikiana na meno ya kamera kubwa za studio, wakatumia Cameflex, ambayo iliyakubali.

Suala hilo la matundu linastahili maneno mawili, kwa sababu huwatisha wanaoanza. Filamu ya negativu ya sinema hutobolewa kwa umbo la Bell & Howell, ambalo pande zake za juu na chini ni bapa na mbavu zake zimepinda, na filamu ya kamera ya mnato hutobolewa kwa umbo la Kodak Standard, ambalo ni mstatili wenye pembe zilizolainishwa na limerefuka kidogo zaidi. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu mbili za kumi za milimita. Kamera ya sinema huiona, kwa kuwa yataka picha isimame pale pale bila ya kutikisika, lakini kamera ya mnato, ambayo huvuta picha moja na kutulia, haina habari.

Kikwazo cha kweli kilikuwa masizi. Mwaka 1950 Eastman ilitoa negativu yake ya rangi kwa ajili ya sinema, na nyuma ya filamu za ukoo huo ulipakwa utando mweusi wa kaboni wenye kazi tatu: kuzuia mwanga uliokwisha kupenya tabaka la dawa la filamu usigonge mgongo wa filamu na kurudi, kutawanya umeme wa msuguano, na kuufanya ukanda uteleze kwa ulaini katika mashine iendayo kasi. Ni utando wenye manufaa, lakini sharti uondolewe kabla ya kuoshwa, kwa maji ya magadi na kisha kwa kupanguswa, na maabara ya kawaida haina chombo cha kufanya hivyo. Filamu hiyo ikitumbukizwa katika mashine ya C-41, yaani dawa za kawaida za kuoshea negativu za rangi za mnato, pamoja na filamu za wateja wengine, masizi huyeyuka, huchafua dawa, na kushikamana na picha za watu wasiokuwa na kosa. Wenye maabara wakakunja uso, na wana haki. Fauka ya hayo, dawa zenyewe ni mbali: C-41 huosha kwa nyuzi 38 hivi kwa muda wa dakika 3 na robo, ilhali ECN-2 ya sinema, iliyoanza mwaka 1974, hutumia dawa nyingine ya rangi kwa nyuzi 41 na dakika 3, na aliyeosha moja kwa dawa ya nyingine atapata picha, ila rangi zake zitakuwa zimepotoka.

Kikwazo hicho kiligeuzwa kuwa mtaji. Katika miaka ya 1970 na 1980 yalitokea Marekani makampuni yaliyojaza filamu ya sinema namba 5247, ile ile waliyoitumia mabwana wa Hollywood, na kuiuza kwa posta kwa bei ya chini mno, na lililojulikana zaidi ni Seattle FilmWorks. Mteja aliambiwa, na ni kweli, kwamba kutoka katika negativu moja angeweza kupata picha za karatasi na slaidi pia, kwa kuwa sinema nayo hufanya hivyo hivyo, hunakili negativu juu ya ukanda mwingine wa kuonyeshea. Jambo ambalo mteja aghalabu hakulitambua hadi ameshapiga ni kwamba filamu yake isingeweza kuoshwa katika duka la mtaani, na hivyo ilimbidi airudishe kule kule alikoinunua, ambako alitumiwa nyingine mpya, naye akawa amefungwa kwa kamba ya hiari. Siwalaumu waliobuni hesabu hiyo, bali nastaajabia akili yao.

Waliotaka nyeusi na nyeupe hawakupata dhiki hiyo. Eastman Double-X, namba 5222, iliyotolewa mwaka 1959, haina masizi, na huoshwa kwa dawa za kawaida za nyeusi na nyeupe katika kopo la nyumbani. Ndiyo iliyopigiwa Raging Bull ya mwaka 1980 na sehemu kubwa ya Schindler's List ya mwaka 1993, na ambaye ameitia ndani ya kamera yake huijua mara moja kwa vivuli vyake vyeusi na chembe zake zisizojificha.

Zama zetu zimeleta namna nyingine. Kampuni ya CineStill ya Los Angeles, katika miaka ya 2010, ilichukua Kodak Vision3 ya 500T, ikaondoa masizi kabla ya kuijaza katika vibweta, na kuiuza kwa jina la 800T ili ioshwe na maabara yoyote kwa C-41. Lakini masizi yakiondoka ngao nayo imeondoka: mwanga mkali hupenya, hugonga mgongo wa filamu, hurudi, na kuligonga kwanza tabaka la chini linalopokea wekundu, na kwa hiyo kila taa ya barabarani hupata duara jekundu linalowaka pembeni mwake. Wahandisi wa Rochester walitumia miaka mingi kuiondoa ila hiyo. Vijana wakaipenda na kuilipia. Filamu hii imesawazishwa kwa mwanga wa taa, na mwenye kuitumia juani bila ya kichujio cha rangi ya chungwa huona dunia ya buluu, jambo ambalo nalo limekwisha kupata wapenzi wake.

Mwaka 2025 Kodak ilitangaza kwamba Vision3 itatengenezwa bila ya masizi ya mgongoni, na mahali pake pawe na utando wa ndani, chini ya tabaka la dawa, unaotoweka wenyewe wakati wa kuoshwa. Ngao imebaki na uchafu umeondoka. Kwa mwenye kununua jora hii ni faraja, kwa kuwa magadi na kupangusa vimemwondokea, na maabara haina tena sababu ya kumfukuza. Rangi zilizo sawa, hata hivyo, zingali zataka dawa zake zenyewe kwa nyuzi 41, na futi 400 zingali zataka kuviringwa upya gizani zipate kuenea katika sanduku la futi 100, ambalo mara nyingi ni Watson kuukuu lililonunuliwa kwa mtu wa pili au wa tatu, lenye kishikio kilichochakaa na tarakimu za kuhesabia zilizokwisha kufutika.